Kicheko cha Chiriku

Asubuhi hiyo fundi friji alikuwa bafuni ananyoa ndevu aliposikia kandambili za mkewe zikitoka jikoni na kupita ukumbini chapa-chapa, mwendo wake wa siku zote. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mwepesi wa miguu na wa mdomo, na tangu siku za uchumba fundi alimwita Chiriku.

"Chiriku, nipe taulo basi."

"Nitakupaje, na mguu wenyewe umekataa kuingia kwenye kiatu?" Sauti ilitoka chumbani.

Fundi akatoka na povu kidevuni. Mkewe alikuwa amekaa kitandani, ameukumbatia mguu wa kulia kama mzigo aliowekewa na mtu. Ukumbini hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya waya ulioungua, harufu anayoijua kwa kazi yake, na akaenda kushika soketi moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa baridi.

Halafu likaja jicho la kushoto la Chiriku. Liliuma akiligeuza, na rangi nyekundu ikapauka. Darasani alimuuliza mtoto kwa nini amepaka tufaha rangi ya kijivu. Darasa zima likacheka, naye akacheka nalo, kisha akaenda chooni kulia. Akiinamisha shingo, kitu kama umeme kilimshuka mgongoni hadi vidoleni. Baadaye ulimi ukawa mzito, na kicheko chake kikaanza kukatikia njiani.

Daktari wa mishipa ya fahamu, mama mwenye sauti ya chini, alimgonga magoti kwa nyundo ya mpira, akamkwaruza nyayo, akamwambia asimame amefumba macho. Chiriku akaangukia kifua cha mumewe.

"Hakuna kipimo kimoja kitakachonipa jibu," daktari alisema. "Nitakusanya ushahidi kidogo kidogo, na kwanza nihakikishe si magonjwa mengine yenye dalili kama hizi."

Wakamtoa damu. Siku nyingine wakambandika nyaya kichwani, akakodolea skrini yenye miraba myeusi na myeupe inayobadilishana, wapime jinsi taarifa inavyosafiri kutoka jichoni hadi kwenye ubongo.

"Inafika," mpimaji alisema, "ila inachelewa."

Siku ya MRI, ya kupigwa picha za ubongo, Chiriku alilazwa kwenye kitanda chembamba, akasukumwa ndani ya tundu la mashine, na mlango mzito ukafungwa. Fundi akakaa kwenye benchi la nje. Mashine ikaanza kugonga, ikanyamaza, ikagonga tena kwa mlio mwingine, na katikati ya kunyamaza huko alihisi benchi likibonyea upande wake wa kushoto, kama mtu mwepesi ameketi, na ile harufu ya waya ikamjia ikiwa imechanganyika na mafuta ya nywele ya mkewe, na sauti ikaanza kuimba polepole wimbo ambao Chiriku huwaimbia watoto wakinawa mikono, ikiimba safi, bila ulimi kuteleza hata neno moja, naye akakaza macho kwenye ule mlango mzito na hakugeuka, kwa sababu alijua akigeuka atamwona mke wake, na mke wake alikuwa mle ndani.

Hakumwambia mtu.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha maji ya uti wa mgongo. Chiriku alijikunja ubavu kama mtoto tumboni, sindano ikaingia kati ya mifupa ya kiuno. Alirudi nyumbani na kichwa kinachopasuka kila akiinuka, ikabidi alale chali, pazia limefungwa. Mchana huo huo fundi akasikia kicheko jikoni. Kilikuwa kile kicheko kizima, kinachoanzia chini na kuishia juu, ambacho kilimfanya amwoe.

Akaenda. Mwanamke alikuwa amesimama kwenye sinki, amempa mgongo, anajikuna shavu la mguu mmoja kwa kidole cha mguu wa pili, kama Chiriku alivyokuwa akifanya kabla mguu haujamgomea.

"Umechoka, Fundi wangu," akasema bila kugeuka.

Alipaswa kukimbia. Badala yake akavuta kiti. "Nimechoka sana," akajibu.

Kesho yake akarudi jikoni, na keshokutwa pia. Alikaa huko hadi chai ikapoa mkononi, hadi Chiriku alipomwita mara mbili.

"Unaongea na nani?" alimuuliza kwa kunong'ona.

"Redio."

"Usinidanganye. Namsikia." Akageukia ukuta. "Anacheka vizuri kuliko mimi."

Majibu yalipotoka, daktari aliwaonyesha picha. Palikuwa na madoa meupe, mapya na ya zamani.

"Haya ni makovu. Maji ya mgongo nayo yanaonyesha kinga ya mwili inapigana pasipotakiwa. Inakula utando unaofunika mishipa ya fahamu. Ugonjwa wenyewe ni multiple sclerosis."

"Kama nyaya zilizochubuka," fundi alisema.

"Kama nyaya zilizochubuka. Dawa za kupunguza mashambulizi zipo, na tunaanza sasa. Baadhi ya ulivyopoteza vinaweza kurudi. Makovu ya zamani siwezi kuyafuta."

Walipofika nyumbani, Chiriku mwenyewe ndiye aliyempigia simu mganga. "Mwili wangu nimemwachia daktari," alimwambia mumewe. "Huyu namtaka kwa ajili ya jikoni."

Mganga alikuwa mama mfupi anayeuza vitambaa, asiye na maneno mengi. Alisimama kwenye mlango wa jikoni, akavuta pumzi puani.

"Hili jini halikuleta ugonjwa," akasema taratibu. "Linafuata wagonjwa, linaokota kinachodondoka. Likitoka linaondoka nacho. Na si mimi wa kulifukuza. Lifukuzwe na aliyelivutia kiti."

Chiriku, ameegemea ukuta wa ukumbini, akamtazama mumewe, akingoja. Fundi akaangalia sakafu. Jikoni mtu alikuwa ameanza kuimba. Angeweza kusema neno moja tu, na hakulisema, na mkewe akaendelea kumtazama hadi macho yake yakajaa.

Ndipo fundi akaingia jikoni.

Safari hii liligeuka. Lilikuwa na uso wa Chiriku mzima, macho yote mawili maangavu. "Mimi ndiye uliyenioa," likasema. "Yule pale ukumbini kila siku atapungua, na mimi nitabaki hivi hivi, nitakucheka ukizeeka, nitakuimbia, Fundi wangu, unanitoa uende kwa nani?"

"Kwa mke wangu," akasema. "Toka kwangu."

Kandambili zikapita ubavuni mwake, zikavuka ukumbi, zikatoka nje mbio mbio na kupotelea mtaani. Nyumba ikanyamaza kabisa.

Mganga alipokwisha kuondoka, Chiriku aliomba apelekwe kitandani. Fundi akampitisha mkono kiunoni, wakaenda polepole, mguu wake wa kulia ukiburuza sakafuni.

"Ulinyamaza," Chiriku alisema.

"Nilinyamaza."

Wakafika mlangoni pa chumba. Chiriku alipumzika kidogo, ameshika fremu, uso wake ameuelekeza kwingine.

"Nilidhani utanyamaza zaidi," akasema, kisha akamwegemea, na wakaingia.