Nani Aliyeshusha Joto?

Kila asubuhi wakati wa likizo, kazi ya kwanza ya Bisibisi ilikuwa kukunja kitanda chake kiwe benchi ya wateja. Baba yake alikuwa fundi wa miwani, na duka lake lilikuwa na magurudumu. Lilikuwa gari refu lenye vitanda vitatu, jiko, sinki dogo na meza ya kusagia lenzi. Walifanya kazi mji huu wiki hii, mji ule wiki ijayo, na usiku walilala humohumo. Jina la Bisibisi alipewa na bibi yake, kwa kuwa msichana huyo hakuwahi kuona skrubu akaiacha ilivyo.

Likizo hiyo bibi alikuwa pamoja nao. Kwa shangazi alikuwa akishinda peke yake mchana kutwa, akibishana na redio. Shangazi alimruhusu kwa shingo upande.

"Daktari kasema asipatwe na baridi," alimwambia baba. "Nikisikia kifua kimeanza tena, nakuja kumchukua."

Bisibisi hakutaka kabisa bibi arudi kubishana na redio.

Basi walipofika kwenye miji ya milimani, themostati ya gari ikaharibika. Themostati ni kile kifaa cha ukutani kinachoiambia hita ya gesi iwake lini na izime lini. Hiyo ya zamani iliwapika jioni na kuwagandisha alfajiri. Baba alinunua mpya, yenye kioo cha namba na vitufe viwili vya mishale, akasema wataifunga wenyewe. Alifunga gesi, akachomoa waya wa betri, kisha akampa binti yake nafasi. Bisibisi alifunga uzi mwekundu kwenye waya mmoja na mweupe kwenye wa pili ili asizichanganye, akafungua kifaa cha zamani na kukaza kipya mahali pake. Baba alikagua kila skrubu. Walipowasha na baba kuweka nyuzijoto ishirini na mbili, hita ilinguruma na gari likajaa joto tamu. Bisibisi alijiona fundi kamili.

Asubuhi aliamka meno yakigongana. Kioo kilionyesha namba kubwa kumi na tano.

"Baba, si ulisema ishirini na mbili?"

"Nilisema, na niliiweka mwenyewe," alijibu baba akijikuna kichwa. "Labda waya haujashika."

Walizima kila kitu, wakafungua, wakakaza upya, na baba akaweka tena ishirini na mbili. Jioni joto likaja, asubuhi likawa limetoroka. Wakafungua tena. Baba alibadilisha hata betri ndogo za kifaa chenyewe. Wapi! Kilichomchanganya zaidi Bisibisi ni kwamba mchana kifaa kilikuwa na adabu zake zote, mithili ya mwanafunzi mtundu mwalimu akiwa darasani. Aliziangalia nyaya zile mbili mpaka akaanza kutilia shaka macho yake. Nyekundu ilikuwa nyekundu kweli? Au alifunga nyuzi kinyume tangu mwanzo?

Asubuhi iliyofuata bibi alikohoa. Alijaribu kukificha kikohozi ndani ya blanketi, lakini baba alikisikia. Alitoka nje na simu, na aliporudi uso wake ulikuwa mzito.

"Dada anakuja kesho," alisema. "Mama, fungasha taratibu. Gari hili limenishinda."

Bibi alianza kukunja sweta zake. Bisibisi aliona machozi yanamjia, akageukia ukuta. Pale sakafuni, ndani ya boksi lililokuja na themostati, ilibaki karatasi ya maelekezo ambayo hakuna aliyeisoma, maana fundi na mtoto wa fundi walijiona wanajua. Akaikunjua. Akasoma mara mbili, kisha akasogea kwenye kioo.

"Baba, njoo. Namba kubwa ni joto lililomo ndani. Hii ndogo ya pembeni ndiyo joto tunaloliomba. Ona, inaomba kumi na tano."

Baba aliinama. "Haiwezekani. Niliacha ishirini na mbili."

"Basi kifaa ni kizima. Kinafanya kile kinachoambiwa."

"Na nani anakiambia?" Baba alimkazia macho. "Bisi, vidole vyako navijua. Umekibonyezabonyeza?"

"Sijakigusa, baba."

"Sema ukweli."

"Ndio ukweli." Alikuwa amechanganyikiwa kiasi kwamba kwa dakika moja alijiuliza kama huwa anatembea usingizini.

"Mwache mtoto," alisema bibi. Sweta ilikuwa bado mikononi mwake. "Ni mimi."

Wote wawili walimgeukia.

"Mkilala nasikia hita inanguruma, inakula gesi. Nawaza, mwanangu anainamia lenzi mchana kutwa, halafu jasho lake linaungua ili mimi kikongwe nipate joto. Basi naamka, nabonyeza mshale wa chini. Najifunika vizuri. Niliona nawasaidia."

Baba aliketi kwenye benchi. "Mama, kifaa hiki nilikinunua kwa ajili yako."

"Hukuniambia. Nami niliogopa kuwa mzigo, na mlipoanza kufungua nyaya nikaona haya kusema, nikanyamaza."

"Ukauficha ubaridi mpaka kikohozi kikakuumbua," alisema baba taratibu. "Na mimi nikamshuku mtoto asiye na kosa. Nisamehe, binti yangu. Tumefungua nyaya mara tatu kabla ya kusoma karatasi moja, na kabla ya kuulizana sisi kwa sisi. Kifaa kikikosea, soma kwanza. Na mtu akiumia au akiwa na wasiwasi, aseme. Kunyamaza kwa wema nako huleta madhara, maana wenzako hawawezi kutibu wasilolijua."

Kisha akampa bibi simu amweleze shangazi mwenyewe. Shangazi alifoka kwa muda mrefu. Mwishowe alikubali kusubiri siku chache aone kifua kitakuwaje.

Jioni hiyo, taa zilipokuwa hazijazimwa, sauti ya bibi ilitoka chini ya mablanketi.

"Bisi, mjukuu wangu, nasikia baridi miguuni. Ongeza."

Bisibisi alishuka kitandani akabonyeza mshale wa juu, na hita ikanguruma.