Tamka Herufi Moja Moja

Tak... tak-tak... tak.

Inatoka sebuleni. Ni sauti ya kibodi, mtu anaandika pole pole kama anayetafuta herufi, na sisi nyumbani hatuna kompyuta. Hatujawahi kuwa nayo. Naandika haya kitandani, kwa penseli, mwanangu nimembana kifuani na kiganja changu kiko juu ya mdomo wake. Mtanisamehe nikiruka ruka.

Yalianzia kazini. Mimi ni karani kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi. Naandaa barua za wateja. Majina na anwani zao ziko kwenye hifadhidata, ndani ya mashine iliyofungiwa chumba cha nyuma, na programu yangu ya ofisi huyavuta kutoka huko na kuyapachika kwenye barua. Kabla ya kuyavuta inakuuliza neno la siri. La kwangu lilikuwa jina la mwanangu.

Jina lake la kweli. Hapo ndipo nilipojichongea.

Kabla yake nilizika wawili. Alipozaliwa huyu, mama mkwe alimnong'oneza jina sikioni, akanigeukia: "Mwanangu, jina hili lisitoke nje ya nyumba. Nje mwiteni vyovyote." Tukamwita Bwana Mdogo. Lakini jina zuri kulifungia mdomoni ni kazi, jamani! Nikaona kwenye kompyuta ni salama, ukiandika zinatokea nyota tu, na kila asubuhi nikiliandika nilihisi kama nimemkumbatia.

Basi siku hiyo jua linazama, wenzangu wameshaondoka, barua zikagoma. *Muunganisho umeshindikana.* Nikafunga, nikafungua. Umeshindikana. Madam, meneja wetu, akasimama mlangoni, mkoba begani.

"Bado tu?"

"Programu haiipati hifadhidata, Madam. Naomba nimalizie kesho, mtoto ana..."

"Mtoto, mtoto! Kila siku mtoto. Kwani huyo mtoto hana jina?"

"Tunamwita Bwana Mdogo."

"Hilo si jina." Akachekea puani. "Barua zisipokuwa mezani kwangu asubuhi, ukakae naye nyumbani moja kwa moja."

Viatu vyake vikaenda koridoni... ko, ko, ko... vikanyamaza. Mlango wa nje sikuusikia ukifungwa.

Nikampigia fundi wa kompyuta. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani.

Halafu simu ya mezani ikaita.

"Haloo? Ni fundi?"

Pumzi tu. Kisha: "Fundi."

"Wa kompyuta?"

"Wa kompyuta."

Mfamaji haachi kutapatapa, nikamweleza mbio mbio. Akaniongoza kwa sauti kavu, ya chini kabisa, mpaka nikabana simu sikioni nimsikie. Niangalie waya wa mtandao nyuma ya kompyuta yangu. Umechomekwa. Taa yake? Inawaka. Nifungue mipangilio ya muunganisho, nibonyeze pale pa kujaribu. Umeshindikana. Chumba kikaanza kunuka plastiki inayoungua, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine... ya udongo mbichi, uliochimbwa sasa hivi. Harufu hiyo naijua. Nimesimama juu yake mara mbili.

"Jina la mtumiaji?"

"Karani."

"Neno la siri?"

Nikasita.

"Giza linaingia," akasema. "Nyumbani wanakungoja. Tamka herufi moja moja. Usiruke."

Nikatamka. Mungu wangu, nikatamka! Kila herufi iliyonitoka nikasikia upande wa pili, tak, ikibonyezwa. Nilipofika ya mwisho skrini ikabadilika, wala sikuwa nimegusa kitu.

*Muunganisho umefanikiwa.*

"Asante, fundi," nikasema.

Hakuwa anaongea na mimi tena. Alikuwa anaita. Alilitaja jina zima, taratibu, kwa upole, kama mtu anayemwita mtoto aje ale.

Simu yangu ya mkononi ikatetemeka. Mdogo wangu, ndiye anayebaki na mtoto.

"Dada, njoo." Alikuwa ananong'ona. "Bwana Mdogo ameamka, amesimama mlangoni. Ameitika."

"Ameitika nini?"

"Amesema naam."

Mwanangu hajaanza kuongea. Hata "mama" hajawahi kusema.

Sijui nilifikaje nyumbani.

Asubuhi fundi akaja anatafuna karanga. Akaangalia, akacheka. "Kosa langu, shemeji. Nimeihamishia hifadhidata kwenye mashine mpya, nikasahau kukubadilishia anwani. Programu yako ilikuwa inabisha hodi nyumba iliyohamwa."

"Sasa jana ulivyonielekeza, mbona ilikubali?"

Akaacha kutafuna.

"Jana simu yangu ilizima chaji. Halafu sikiliza, shemeji. Fundi hakuulizi neno lako la siri, hana haja nalo. Anayekuuliza anataka kuingia."

"Alipiga simu ya mezani."

"Ile?" Akashusha sauti. "Ile inapokea za humu ndani tu."

Nikageuka. Madam alikuwa anatutazama kupitia kioo cha ofisi yake. "Bwana Mdogo hajambo?" akauliza. Tangu aniajiri hajawahi kuniulizia hali ya mtoto.

Nikabadilisha neno la siri pale pale. Nikajaribu la zamani.

Likafungua.

Kazi nikaiacha siku hiyo hiyo, lakini kibodi ikanifuata mpaka hapa. Usiku inaandika, inatulia, na mwanangu anaitika usingizini, naam, anashuka kitandani, anajivuta kuelekea mlangoni. Nikaenda kwa mama mkwe nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alilia tu.

"Mchagulie jina jipya wewe mwenyewe," akasema. "Usiniambie hata mimi."

Nimelichagua. Leo jioni nimemnong'oneza sikioni, akalala fofofo, nikasema afadhali.

Ndipo simu ikaita. Namba ya mama mkwe, sauti ya mama mkwe.

"Mwanangu, mjukuu wangu umempa jina gani?"

"Mama, si ulisema nisi..."

"Tamka herufi moja moja. Usiruke."

Mama mkwe wangu hakusoma. Herufi hazijui, hata moja.

Nikakata. Na tangu nimekata, yuko hapo sebuleni... tak... tak-tak... Anabahatisha. Anajaribu hii, anafuta, anajaribu ile. Ile harufu ya udongo imeshapita chini ya mlango. Mara moja tu, sasa hivi, amebonyeza mara moja na midomo ya mwanangu ikacheza chini ya kiganja changu.

Herufi ya kwanza ameipata.

Yaliyonikuta nimewaambia ninyi, yametosha. Jina, simwambii mtu. Wala baba yake akirudi safari, wala mdogo wangu, wala yeyote atakayeniita kwa sauti ninayoipenda. Naapa, simwambii mtu mwingine.