Draiva ya Dada Yake

Manling aliingia soko la kompyuta pale Taipei kaikumbatia printa kama mtoto mgonjwa. Gauni lake la maua lilishalowa jasho, na kila muuzaji alimwambia lilelile: "Dada, tupa hiyo, nunua mpya."

"Usitupe," sauti ikasema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, fulana ya njano yenye picha ya pengwini, chai ya maziwa mkononi.

"Imegoma lini?"

"Tangu nitoe Windows kwenye kompyuta, nikaweka Linux. Si ndiyo ya bure?"

"Basi haiumwi. Imekosa draiva."

"Draiva ndiyo nini?"

"Mkalimani. Kompyuta inaongea, printa haielewi, mtu wa katikati hayupo."

"Na wewe ndiye mtu wa katikati?"

"Mimi Kaiwen," akajibu, masikio yakawa mekundu.

Jioni ile ile printa ilichapa vizuri kwenye kiduka cha Manling cha kadi za harusi. Manling akaiwekea juu mfuko wa kijani wa kuaikuai, vile vitafunio vya nazi ambavyo kila mtu huweka juu ya mashine ili itulie, na ambavyo haviliwi ng'o. Kuanzia hapo simu hazikukatika.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nangoja unikaribishe."

"We mlafi! Njoo."

Ikaja siku ya kadi za rangi. Bibi harusi wa mtaa huohuo angezifuata saa kumi, na akitoka analia, nani tena angeagiza kadi kwa Manling? Printa ikatema kadi moja baada ya nyingine, kila moja na mstari mmoja wa alama za ajabu. Kaiwen alikuja mbio.

"Tatizo nini, mpenzi?" Manling akauliza.

"Karatasi hizi nzito."

Akabadilisha. Wapi!

"Basi ni waya."

Waya mpya, mambo yaleyale. Kaiwen akaendelea kubonyeza, njaa inamuuma, macho kwenye kioo, mkono ukaupasua mfuko wa kijani bila yeye kujua. Alishatafuna viwili Manling alipopiga kelele.

"Kaiwen! Unakula kuaikuai?"

"Aa... lakini ilishakataa kabla sijala!"

"Sasa ndiyo haitakubali kabisa!"

"Yaani unaamini vitafunio kuliko mimi?"

"Vitafunio havijawahi kunidanganya! Mara karatasi, mara waya. Hujui, na hutaki kusema hujui. Toka!"

Kaiwen alitoka kichwa chini. Manling akabaki na rundo la kadi zilizoharibika, analia na kujifuta kwa mkono wa blauzi.

Simu ikalia. Akaiacha, ikalia tena.

"Nini?"

"Manling, usikate. Sikujua." Alikuwa Kaiwen. "Siku ile draiva ya printa yako sikuipata. Nikaweka ya dada yake, printa nyingine ya kampuni ileile, zinafanana. Maandishi meusi ikakubali, nikajifanya fundi. Rangi ndiyo imeniumbua. Niliona aibu."

Manling alivuta kamasi. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utaona sina maana."

"Mjinga wewe. Yangu ipo?"

"Nimeipata sasa hivi, watu wa Linux wameiweka mtandaoni. Ifute ya zamani kwanza. Nakusomea, unaandika."

Akasomewa, akaandika kwa vidole viwili, akakosea, wakarudia. Printa ikakohoa. Kadi ya waridi ikatoka, maandishi mekundu yanang'aa.

"Kaiwen! Imetoka!"

"Kweli?"

"Uko wapi?"

"Kituo cha treni."

"Unafanya nini huko? Rudi ukunje kadi!"

Alirudi anahema. Wakakunja bega kwa bega, za Kaiwen zimepinda zote, Manling anazikunjua huku anacheka. Bibi harusi akafika, akazishika kadi, akatabasamu. Kisha akamtazama yule kijana aliyejaa wino hadi puani.

"Na huyu nani, dada?"

"Mchumba wangu," Manling akasema bila kuinua macho. "Ila hajaniomba bado."

Kadi alizokuwa bado anakunja zikamponyoka Kaiwen, zikatapakaa sakafuni.

"Nakuomba," akasema.

"Okota kwanza," Manling akajibu, naye akapiga magoti kumsaidia.