Nilimwambia Asirudie

"Shemeji, nisamehe. Nimekuharibia filamu yako."

Vitus alisema hivyo akiwa amesimama na gongo lake la kutembelea sebuleni kwa baba yake, mtaa wa Chanji, Jumapili mchana tulipotoka misa. Nilimsogezea kiti, akakikataa.

"Hapana. Acha niseme nikiwa nimesimama. Uliniambia nisirudie, mimi nikarudia. Sikumbuki, lakini wote wanasema hivyo, na mimi najijua nilivyo nikishika usukani. Nisamehe."

Mzee Modesti, baba yake, alikuwa amekaa, ananitazama usoni. Bertilla, dada yake Vitus na mchumba wangu mimi, alisimama mlangoni na ndoo ya maji ya kunawa.

"Yameisha, shemeji," nikasema. "Nimekusamehe."

Yaani mimi ndiye niliyemsamehe. Mimi niliyemvunja mguu.

Naitwa Lugano. Kwetu ni Mbeya, ila baba alihamishiwa Sumbawanga kufundisha nikiwa mdogo, na dawati langu la kwanza nilikaa na Vitus. Tulikuwa tunatoroka shule kwenda kibanda cha video kutazama katuni moja ya Kijapani, vijana wanashindana magari kwenye barabara za milimani, na DJ anatafsiri kwa kelele mpaka anakauka koo. Vitus ndiye aliyesema kwanza, "Siku moja hii tutaicheza na watu. Watu kweli, magari kweli."

Tulipokuwa watu wazima nikawaandikia wenye katuni. Wakaruhusu filamu fupi isiyouzwa. Niliruka kama mtoto. Milima ya Japani nikaigeuza kuwa mteremko wa kushuka Kipili, shujaa nikamfanya kijana anayepandisha samaki kutoka ziwani, na moshi wa matairi ukawa vumbi jekundu. Bertilla, ambaye ni fundi cherehani, alishona nguo za waigizaji wote. Vitus akachukua gari la baba yake na kuendesha, kwa sababu mteremko ule hakuna aliyeujua kama yeye.

Siku ile ya Novemba kijiji kilituruhusu kufunga barabara asubuhi tu. Mimi nilikuwa chini kwenye kona na kamera, Vitus juu na gari. Tulikuwa tunaongea kwa redio za mkononi. Alishashuka mara nne.

"Luga," akaniita kwenye redio, "pedali inazama. Breki zimechemka. Tungoje zipoe."

"Nusu saa?"

"Hata saa nzima. Nanusa mpaka harufu."

Nikatazama juu. Mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yanakuja.

"Mvua inakuja, Vitus, na barabara wanafungua saa nne. Shuka mara moja tu. Hiyo ndiyo picha yenyewe."

Redio ikakwaruza.

"Unaniambia kama ndugu?"

"Nakuambia kama ndugu."

Akashuka. Kona ya tatu gari halikukata. Lilibiringika mara mbili likaingia shambani. Nilipomfikia alikuwa hajitambui, mguu wa kushoto umepinda pasipo na goti.

Hospitalini Bertilla alikuja mbio, vipande vya uzi bado vimemganda kwenye gauni. Akanishika shati.

"Gari lilikuwa zima?"

"Breki zilichemka."

"Alijua?"

"Alijua."

"Na wewe ulimwambia asirudie? Lugano, ulimwambia?"

"Nilimwambia asirudie," nikasema. "Hakunisikia."

Neno hilo sijui lilitoka wapi. Nilichotaka ni aniachie shati tu. Nilijiambia Vitus akiamka atasema ukweli, na mimi nitakubali. Akaamka siku ya tatu. Asubuhi ile yote ilikuwa imefutika kichwani mwake.

Kamera ndogo tuliyofunga ndani ya gari haikuvunjika. Imerekodi kila kitu, sauti yake na yangu. Nilichomoa kadi yake nikaificha kwenye soksi. Miezi mitano.

Sasa turudi Jumapili ile. Tuliponawa na kuanza kula, Mzee Modesti akamuuliza mwanawe:

"Jumatano unaenda na nani Namanyere?"

Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa dereva wa gari la wagonjwa. Daktari alishasema gongo ataliacha kabla kazi haijaanza.

"Siendi, baba."

"Huendi kwa nini?"

"Mtu anayeambiwa simama asisimame, utampa wajawazito awashushe mteremko? Nikiua mtu je?"

Mzee hakubisha. Akamega tonge. "Hapo umesema kama mtu mzima," akasema polepole.

Niliuacha ugali wa ulezi sahanini. Nikanywa maji vikombe viwili.

Bertilla alinisindikiza mpaka barabarani. Akanishika kidole kimoja, anavyopenda kunishika.

"Asante kwa kumsamehe."

"Bertilla..."

"Nasema kweli. Mimi mwenyewe nilichelewa kumsamehe. Unajua wodini nilimwambia nini, hata kukaa hawezi? Nilimwambia afadhali angekufa peke yake kuliko kumuua baba kwa presha. Kaka yangu, Lugano. Nilimwambia hivyo."

"Ulikuwa na hasira."

"Wewe hukuwa na hasira? Lakini hujawahi kumsema hata siku moja. Ndiyo maana nakupenda."

Akarudi ndani. Nilitembea mpaka kwangu sijui nilipita wapi.

Asubuhi ya Jumatatu simu ikalia. Ujumbe wa Bertilla:

"Vitus kalia tangu alfajiri. Anasema anaiogopa mikono yake mwenyewe. Njoo uongee naye, wewe anakusikia."

Niliusoma mara tatu. Nikaandika, "Kuna kitu nataka kukuambia." Nikafuta. Nikaandika, "Nakuja." Nikatoa kadi kwenye soksi, nikabeba kompyuta.

Niliwakuta watatu wote uani. Mzee alikuwa anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Sitakaa, baba. Naomba mtazame hiki kwanza."

Nikaweka kompyuta juu ya gunia. Kadi ikagoma kuingia mara mbili. Kisha uso wa Vitus ukatokea, kofia imegeuzwa nyuma. *Luga, pedali inazama. Breki zimechemka. Tungoje zipoe.*

Ikaja sauti yangu. Mvua. Saa nne. Mara moja tu. *Unaniambia kama ndugu? Nakuambia kama ndugu.*

Nikaizima kabla gari halijaondoka.

"Sikumwambia asirudie," nikasema. "Yeye ndiye alikataa. Mimi nilimsukuma, halafu nikadanganya. Nimedanganya miezi mitano."

Mzee Modesti aliweka gunzi chini. Alisimama, akaja karibu mpaka nikaona mishipa ya macho yake. Nilidhani atanipiga. Ningeshukuru.

"Jana," akasema, "mwanangu alisimama kwa mguu mbovu akakuomba msamaha. Ukampa."

"Ndiyo, baba."

"Usiniite baba leo."

Akaingia ndani.

Vitus hata hakunitazama. Alikuwa ameegemea mbele, macho kwenye kompyuta.

"Rudisha," akasema.

"Vitus, nisa..."

"Rudisha, nimesema. Pale ninaposema breki."

Nikarudisha. Akasikiliza. Akaniambia tena, nikarudisha tena. Mara ya nne machozi yalikuwa yanamtiririka, na anacheka humo humo.

"Nilijua," akasema. "Nilinusa. Dada, umesikia? Nilisema tungoje!"

"Nimesikia, kaka," Bertilla akasema. Alipiga magoti mbele ya kaka yake, akaweka kichwa kwenye mapaja yake. "Nimesikia. Yale ya wodini nisamehe."

"Ulidanganywa. Inuka."

Bertilla aliinuka. Akanigeukia, sauti imeshuka kabisa.

"Mvua inakuja, kazi inakimbizana na muda, umekosea. Hilo ningelia likaisha. Lakini ulinisikiliza jana barabarani. Nakueleza nilivyomtukana kaka yangu, na wewe unaniambia nilikuwa na hasira."

"Niliogopa kukupoteza."

"Kwa hiyo ukaona bora nimpoteze yeye."

Nikafunga kompyuta.

"Ndoa imesimama," akasema. "Sijasema imekufa. Imesimama. Sasa nenda, nataka kukaa na kaka yangu."

Vitus aliniita nikiwa nafika getini.

"Luga."

Nikageuka.

"Mimi nilishuka. Mguu ulikuwa wangu, pedali yangu. Hilo nalibeba mwenyewe. Lingine lote ni lako."

"Najua."

"Jumatano naenda Namanyere. Usije kunisindikiza."

Alienda na baba yake. Alhamisi nikasikia kwa watu kwamba amepata. Nilifurahi, kisha nikajiona sina haki hata ya kufurahi. Wiki tatu Bertilla hakupokea simu yangu. Nilimtumia ujumbe mmoja tu, "Nipo. Sikuombi kitu," na nikaona tiki mbili za bluu basi.

Ijumaa moja akajibu.

"Novemba jumuiya yetu nzima ya kanisa ilisali Vitus aache kiburi. Wanaamini hivyo mpaka leo. Kesho tunasali nyumbani kwa mama Dominika saa kumi. Mimi siwezi kuwaambia, si langu."

Nilifika wa kwanza, nikakaa nyuma kabisa. Walikuja watu kama thelathini. Mzee Modesti alinipita bila kunisalimia. Vitus alikuja na fimbo tu, akakaa karibu na dirisha. Bertilla alikaa benchi la mbele na mama wawili.

Rozari ilipoisha, mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi. Sikuisoma.

"Mlimwombea Vitus aache kiburi," nikasema. "Vitus alitaka kusimama. Mimi ndiye nilimwambia ashuke, na mimi ndiye niliyewadanganya."

Nikaeleza yote, redio, mawingu, kadi kwenye soksi. Mama mmoja alisema "Yesu!" kwa sauti. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi wala kunifokea. Mzee Modesti alivua kofia, akaivaa tena.

"Amesema," akasema, akiwatazama wenzake. "Mmemsikia. Asiwepo tena mtu wa kumwita mwanangu mkaidi."

Nikabaki nimesimama. Mahali pangu kule nyuma palikuwa pamekaliwa na aliyechelewa, na sikujua niende wapi. Nikaanza kuelekea mlangoni.

"Lugano," Bertilla akaita, bila kugeuka.

Akawagusa wale mama begani, wakabanana. Naye akasogea.

Nikaenda nikakaa.