Ukuta wa Vipande

Kila siku akirudi kutoka shule, Kifungo alivua sare, akala, akaosha vyombo, kisha akachukua sumaku iliyofungwa kwenye uzi mrefu na kuiburuta sakafuni chini ya cherehani ya mama yake. Pini zilizodondoka mchana kutwa ziliruka na kuing'ang'ania, naye akazirudisha kwenye kopo lake. Jina la Kifungo alilipata akiwa na miaka mitatu, alipomeza kifungo cha koti la mteja na kumtoa mama yake kijasho chembamba. Kifungo chenyewe kilitoka salama kesho yake. Jina halikutoka mpaka leo, na sasa alikuwa na miaka kumi na miwili.

Mama yake alikuwa fundi wa nguo. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda chake: cherehani karibu na dirisha, meza ya kukatia, pasi, na gunia la mabaki ya vitambaa pembeni. Juu ya cherehani ukuta ulijaa karatasi za vipimo, na kila karatasi ilibanwa kwa pini pamoja na kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja. Kulikuwa na vyekundu, vya njano, vya mistari na vya maua.

"Ukuta huu ndio chai yangu ya pili," Mama alizoea kusema. "Hata niamke na kisirani, nikiutazama tu mikono inapata hamu ya kazi."

Kifungo aliuona ukuta ule tangu hajajua kusema. Alijua kwamba karatasi zilikuwa za vipimo. Vipande vyenyewe aliviona pambo tu, na hakuwahi kuuliza zaidi.

Mambo yalikuwa shwari mpaka alipokuja Chiriku. Huyu alikuwa binti wa mjomba, rika moja na Kifungo, na jina hilo walimpa kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Mama yake alikuwa amelazwa katika hospitali ya mbali kwa maradhi ya mgongo, mjomba akawa anamuuguza huko huko. Basi Chiriku akaletwa kwa shangazi yake amalizie mwaka wa masomo.

Juma la kwanza alisomea kitandani, na jaribio la hesabu akapata kumi na tisa katika hamsini. Juma la pili akamwomba shangazi yake makasha mawili matupu na ruhusa ya kuchambua gunia la mabaki. Akayapanga makasha, akayawekea ubao, ikawa meza. Akashona kijipazia cha viraka ili asione watu wakipita nje. Kopo la rangi akalifunika kitambaa cha mistari, likawa la kalamu. Akatia tawi la mmea kwenye chupa ya maji, likaanza kutoa mizizi. Na ukutani, usawa wa macho yake, akabandika kipande kimoja kidogo cha kijani.

Jaribio lililofuata akapata arobaini na moja.

Hapo ndipo moyo wa Kifungo ulipoanza kuwaka. Mama alimwita kila mteja aje aone kona ya Chiriku. "Njoo uone mwanangu alivyotengeneza mahali pa kusomea," alisema. Mwanangu. Kifungo alilisikia neno hilo akiwa amepiga magoti chini ya cherehani, sumaku mkononi, na likamchoma kuliko pini.

"Na wewe tengeneza yako," Mama alimwambia jioni ile. "Mwone mwenzio anavyokaa akatulia. Wewe unasomea mlangoni kama unayemsubiri mgeni."

Maneno hayo Mama aliyasema kwa nia njema, lakini mtoto aliyeshikwa na wivu husikia anachotaka. Kifungo alisikia kwamba Chiriku ni bora. Akaamua kutengeneza kona ya kuifunika ile ya binamu yake, na mabaki ya kwenye gunia akayaona hayatoshi. Vizuri vyote Chiriku alikwisha kuvichagua. Vizuri zaidi vilikuwa ukutani.

Alingoja Mama alipotoka kununua nyuzi na Chiriku alipokwenda kuchota maji. Akapanda juu ya kigoda, akatoa pini, akavishusha vipande vyote. Hakuwa mwizi wa kumaliza. Alikata nusu ya kila kipande na nusu nyingine akairudisha. Tena, kwa kuwa alikuwa na jicho la kupanga rangi, alivirudisha kwa mpango mzuri kuliko wa mwanzo: chekundu karibu na cha njano, cha bluu chenye madoa meupe karibu na cheupe kitupu. Aliposhuka aliutazama ukuta na kuona amemfanyia mama yake wema.

Zile nusu alizikata petali ndogo ndogo, akazibandika kwa gundi kwenye kifuniko cha kasha, yakawa maua mengi yaliyojaa kila mahali. Chini yake akaweka meza, juu ya meza akapanga shanga, picha, kengele ya baiskeli ya zamani na vichupa vitupu vya manukato. Daftari halikupata pa kukaa. Mama alipochungulia aliuliza, "Vitambaa umevitoa wapi?"

"Kwenye gunia," Kifungo akajibu.

"Haya, naona na wewe umeamka," Mama akasema, akarudi kwenye kazi yake. Chiriku akayasifu maua yale kwa dhati, na sifa hizo zikazidi kumkera Kifungo, maana alikuwa ametaka kumwona akinuna.

Siku tisa zilipita, na Mama, aliyekuwa amezidiwa na kazi, hakugundua kitu. Ijumaa alasiri akaja mwuguzi wa zahanati ya jirani kujaribu gauni lake la bluu lenye madoa meupe. Jumatatu alikuwa anakwenda kupokea cheti chake cha ukunga mbele ya watu. Mwuguzi huyu alikuwa mrefu na mwembamba kama mche wa papai. Alipotoka nyuma ya pazia, gauni lilimwishia magotini, na kiunoni alilikusanya kwa mikono miwili lisimwanguke.

"Mama fundi," alisema taratibu, "humu ndani tunaenea mimi na mgonjwa wangu."

Mama alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaiendea karatasi yenye kipande cha bluu na kuzisoma tarakimu. Zilikuwa za mpishi wa shule, mwanamke mfupi na mnene. Akakipapasa kipande chenyewe, kisha cha jirani yake, kisha kingine. Vyote vilikuwa vimekatwa nusu kwa mkasi.

"Mimi siandiki majina," alimwambia mwuguzi, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwalimu wangu wa ushonaji alinifunza hivi. Mteja akileta kitambaa, unakata kipande, unakibana na vipimo vyake. Kitambaa ndicho jina. Mtu amevichanganya."

Kifungo alikuwa chini ya meza na sumaku yake. Alisikia kila neno.

Mwuguzi aliahidiwa gauni lake Jumapili jioni, akaondoka bila kuamini sana. Mama akamwita Chiriku.

"Nani amegusa ukuta wangu?"

"Si mimi, shangazi."

"Katika nyumba hii nani mwenye njaa ya vipande? Nani kila siku yuko kwenye gunia?"

"Nachukua vya kwenye gunia tu, shangazi. Na naomba kwanza."

Mama alimgeukia Kifungo. "Wewe unajua lolote?"

Hii ndiyo ilikuwa nafasi, wazi kama mlango. Kifungo alitazama sakafu. "Sijui, Mama," alisema.

Mama akaenda kwenye kona ya Chiriku, akabandua pazia, kitambaa cha kopo na kile kipande cha kijani, akavitupa vyote kwenye gunia. "Fundi wa mito anakuja kesho asubuhi kuchukua mabaki ya kujazia," alisema. "Na haya yaende. Mpaka utakapojifunza kusema kweli."

Kifungo alitarajia kusikia raha. Ndiyo, ilikuja kidogo, kama utamu wa tunda bichi, kisha ikamkauka mdomoni. Chiriku aliketi mbele ya ukuta mtupu, akafungua kitabu, akakifunga. Hakulia wala hakusema neno, na nyumba iliyozoea mdomo wake ikawa nzito. Hata Mama alikuwa akikohoa tu ili pasikike kitu.

"Utapata vipande vingine," Kifungo alisema hatimaye, kwa sababu ukimya ulimtisha.

"Vile vingine sijali," Chiriku akajibu bila kugeuka. "Kile cha kijani kilikuwa cha gauni la mama. Alikikata mwenyewe siku nilipoondoka. Akaniambia, ukishindwa na hesabu nitazame hapa, nami huko nitakuwa nakutazama."

Kifungo alirudi kwenye meza yake, akasukuma kengele na vichupa pembeni, akajaribu swali la kwanza la hesabu. Maua yake yalimkodolea macho. Kwenye kila petali aliona bluu yenye madoa meupe.

Asubuhi fundi wa mito alifika na baiskeli yake. Alikuwa mzee mchangamfu, na alilibeba gunia kwa mkono mmoja, akalipakia kwenye kiti cha nyuma na kuanza kulifunga kwa kamba ya mpira. Chiriku alisimama mlangoni akilitazama. Alikuwa akiuma ukosi wa gauni lake.

Kifungo alitoka mbio bila viatu, akalikumbatia lile gunia.

"Subiri, babu. Usiondoke nalo."

"Kuna nini tena, mjukuu wangu? Umemeza kifungo kingine?"

Kifungo alimgeukia mama yake, ambaye alikuwa ametokea mlangoni na futi ya kupimia shingoni. "Ni mimi, Mama. Mimi ndiye niliyevikata vipande vya ukutani. Yale maua yangu ndiyo hivyo vipande. Nilivipanga upya ili vipendeze, sikujua vina kazi. Halafu nikasema sijui, na nilikuwa najua. Nilitaka Chiriku asiwe na kona nzuri kuliko yangu. Nilimwonea wivu."

Fundi wa mito akafungua kamba yake pole pole, akalishusha gunia. "Mimi nitapita Jumatano," alisema. "Mito haina haraka." Akapanda baiskeli yake na kujiendea.

Mama hakupiga wala hakupaza sauti. Alilimwaga gunia lote sakafuni, na wote watatu wakapiga magoti kutafuta. Kilikuwa kilima cha vitambaa, na kipande cha kijani kilikuwa kidogo. Kifungo ndiye aliyekiona, kimenasa ndani ya mkono wa shati kuukuu. Akakinyoosha juu ya goti lake, akamkabidhi Chiriku kwa mikono miwili.

"Nisamehe."

Chiriku alikipokea, akakinusa, akakitia mfukoni. "Bado nimekasirika," alisema. Akafikiri. "Lakini nitakusaidia kufumua lile gauni, maana wewe ukishika wembe utakata na kidole."

Ndivyo walivyoimaliza Jumamosi ile, baada ya Mama kumrudishia Chiriku pazia na kitambaa cha kopo. Kifungo na Chiriku walifumua mishono mmoja baada ya mwingine. Mama akamwita mpishi wa shule na wateja wengine, akawapima upya. Kiuno cha gauni alikipunguza. Kwa urefu, kitambaa cha bluu hakikutosha, hivyo alishonea chini utepe mpana wa kitambaa cheupe. Jumapili jioni mwuguzi alilivaa, akajizungusha mbele ya kioo mara tatu, akasema utepe ule ndio uliolipendezesha. Kifungo alimweleza kosa lake yeye mwenyewe, kama Mama alivyomtaka. Mwuguzi akasema, "Haya. Kusema kumekuumiza, lakini umepona."

Alipoondoka, Mama aliwaita wote wawili wakae kwenye benchi la wateja.

"Nianze na mimi," alisema. "Chiriku, mwanangu, nilikata kabla ya kupima. Nilikuhukumu kwa sababu unapenda vipande, wala sikutafuta ukweli. Nisamehe shangazi yako." Kisha akamgeukia Kifungo. "Na wewe ni mwanangu, hujapunguka hata nukta kwa kuwa nampenda mwenzio. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Umeishi na adui siku zote hizi ukidhani ni Chiriku, kumbe ni wivu wako. Umeona meza ya Chiriku? Kila kitu pale kina kazi: pazia linazuia macho, kopo linashika kalamu, kipande kinampa moyo. Meza yako uliipamba ili imkasirishe mtu, ndiyo maana haikukusaidia kusoma. Mahali pa kazi panapambwa kwa ajili ya kazi, na kwa moyo mweupe. Na ukikosea, sema mapema. Ungesema Ijumaa, mwenzio asingelala na majonzi."

Kifungo alilia kidogo, akajifuta. Kisha akaenda kwenye meza yake, akaondoa maua, shanga, kengele na vichupa. Ikabaki meza tupu, na kwa mara ya kwanza daftari lilipata pa kulala.

"Sasa utaweka nini?" Chiriku aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu Ijumaa.

Kifungo aliokota sakafuni uzi wa bluu uliofumuliwa kutoka kwenye gauni la mwuguzi. Akaubana kwa pini moja ukutani, usawa wa macho yake.

"Uzi tu?"

"Huu tu, kwa sasa."

Chiriku aliutazama ule uzi, akaitazama meza tupu. Akaenda kwenye kona yake, akavunja kitawi kwenye ile chupa ya mmea, akakitia katika chupa nyingine yenye maji na kukiweka mbele ya Kifungo. Kisha akaanza kusema. Alisema mmea ule unataka maji mapya kila siku ya tatu, alisema pazia la viraka ni rahisi kushona, alisema swali la saba la hesabu lina mtego. Aliendelea mpaka Mama akamwomba anyamaze apumue, naye hakunyamaza.