Wa Kiti cha Pili

Ofisini, kwa wachunguzi wa ajali za ndege, walimwita Bwana Chanzo, na si kwa mapenzi sana. Ndege ikitua vibaya, wengine huuliza nani wa kulaumiwa. Yeye huuliza, "Chanzo ni nini?" Hata siku ya kumzika mkewe alimfuata daktari hadi kwenye gari lake akamuuliza swali hilo hilo. Jibu alilopewa hakulipenda, na mpaka leo halipendi.

Jioni ile hakuwa na kazi kubwa. Ndege ndogo ya injini moja, yenye viti viwili tu, ilikuwa imepoteza nguvu angani mchana, ikatua kwa lazima kwenye shamba la mahindi yaliyokwishavunwa. Hakuna aliyekufa. Lakini mawingu yalikuwa yakijikusanya, na mvua huosha ushahidi, kwa hiyo alitaka kuiona injini kabla giza halijaingia. Akimaliza, aende kwa binti yake. Alikuwa ameahidi. Binti alikuwa amemtandikia chumba na kumwambia kwa simu, "Baba, safari hii ukija umehamia. Nyumba ile unakaa na nani?"

Mtu mzima atamwambiaje mwanawe kwamba anakaa na kikombe cha pili mezani?

Alianzia zahanati, alikolazwa rubani. Alikuta mwanamume wa makamo, mkono umefungwa mpaka begani, macho hayatulii. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za mashamba kutoka angani. Zamani aliifanya na kaka yake. Yeye alirusha ndege, kaka alikaa kiti cha pili na kamera, na alivuta na kusukuma vishikio vyote vya upande wake. Kabla ya kupaa na kabla ya kushuka, mmoja huita na mwingine huitikia. Mafuta? Tayari. Mikanda? Tayari. Ndivyo walivyofundishwa, na ndivyo walivyofanya mpaka kaka alipofariki kiangazi kilichopita.

"Na tangu hapo unaita peke yako?" Bwana Chanzo aliuliza.

"Naita, mzee. Mazoea. Naita, naiacha nafasi yake kidogo, halafu naitikia mwenyewe."

"Na leo?"

Rubani aliutazama mlango kwanza.

"Leo niliitikiwa."

Feni la darini lilikuwa likizunguka taratibu. Bwana Chanzo hakuandika kitu.

"Nilikuwa naanza kushuka," rubani alinong'ona. "Nimepunguza moto wa injini. Nikaita, 'Hewa ya moto?' Nikasikia, 'Tayari.' Sauti ya kaka, mzee. Vile vile, na ule mkwaruzo wake. Sikukivuta kile kishikio. Siku zote alikuwa akikivuta yeye."

"Injini ikakohoa."

"Ikakohoa. Ikawa inakata pumzi. Nikaita tena, na tena nikaitikiwa." Alikunja pindo la shuka. "Lakini ile ya pili... haikuwa sauti yake."

"Ya nani?"

Rubani aliutazama tena mlango. Bwana Chanzo alipoinuka, rubani alimdaka mkono wa shati kwa vidole vya upande mzima.

"Mzee, nyumbani unaishi na mtu?"

"Kwa nini?"

"Basi tu. Usiache nafasi."

Njiani Bwana Chanzo alijiambia kwamba huyu kagonga kichwa. Jambo lenyewe lilikuwa wazi kama mchana. Hewa ikiwa na unyevu, na petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta, panapoa mno, na barafu huganda kwenye koo la kabureta hata kama nje watu wanatoka jasho. Injini inakabwa. Dawa yake ni kishikio kimoja, cha kuelekeza hewa ya moto ndani. Usipokivuta, unatua mahali ambapo hukupachagua. Na barafu ni shahidi mtoro. Hufanya kazi yake, ikayeyuka, ikaondoka kabla mchunguzi hajafika. Katika miaka yake yote kazini alikuwa ameiandika mara nyingi, ila kuiona kwa macho hajawahi.

Mwenye shamba alikuwa mama mmoja mwenye gumboti, amesimama mbali, karibu na barabara, mikono kifuani. Ndege ilikuwa kule katikati ya mabua, pua chini, gurudumu moja limelala pembeni.

"Shikamoo, kaka," mama alisema, ingawa huenda walilingana umri. "Huyo mwingine mmempeleka wapi?"

"Mwingine yupi, dada?"

"Yule wa upande wa pili. Aliyeumia alitolewa na vijana wangu. Mwenzake alishuka mwenyewe. Nikampungia mkono, hakupunga."

"Akaelekea wapi?"

"Hakuelekea popote. Alisimama tu pale chini ya bawa. Kama mtu anayengoja lifti." Aliyatazama mawingu. "Mimi nakwenda kufunga kuku. Na wewe usichelewe hapo."

Akaenda, hakugeuka nyuma.

Bwana Chanzo alijikaza kisabuni, akachukua tochi na mkoba wa spana, akaingia shambani. Mabua makavu yalivunjika chini ya viatu vyake. Alikuwa na tabia ya kufanya kazi kwa sauti, maana mtu anayefanya kazi peke yake husahau, na sauti husaidia.

"Petroli," alisema, akakinga kidogo ndani ya chupa ya kioo, akaimulika. "Safi. Haina maji."

"Oili... ipo."

"Plagi... kavu."

Alizungusha propela kwa mkono, polepole. Injini ilivuta pumzi na kuitoa bila shida. Haikuwa na ugonjwa wowote. Akafungua mlango, akaingiza kichwa. Kishikio cha hewa ya moto kilikuwa kimesukumwa mpaka mwisho. Hakikuguswa, kama rubani alivyosema.

Kisha akauona mkanda wa kiti cha pili.

Ulikuwa umefungwa.

Watu hufunga mkanda wa kiti kitupu ili usining'inie, hilo alilijua. Lakini huufunga ukalegea, ukalala kitini. Huu ulikuwa umejaa. Ulisimama mbele ya kiti kwa umbo la tumbo na kifua, haujagusa chochote, na katikati yake mlikuwa na hewa tupu.

Alirudisha kichwa nje taratibu. Jua lilikuwa limezama. Hakuna ndege wa mtini aliyelia, wala chura.

Tik... tik...

Chuma kinachopoa hulia hivyo. Lakini injini hii ilikuwa imezimika tangu mchana. Bwana Chanzo alipiga goti chini ya pua ya ndege, akapenyeza mkono mpaka kwenye kabureta.

Baridi ilimng'ata.

Vidole viligusa kitu kigumu, chenye punje punje, kilichoganda kuzunguka koo la kabureta. Barafu. Baada ya jua la mchana kutwa. Aliuchomoa mkono, akaelekeza tochi. Chuma kilikuwa kikavu, kina vumbi. Hakukuwa na kitu. Ila vidole vyake vilikuwa vimelowa, na maji yalikuwa yakimdondoka mpaka kwenye kiwiko.

"Hewa ya..." alianza, kwa mazoea yake.

Akauma ulimi.

Kimya kilichofuata hakikuwa kimya cha shamba. Kilikuwa cha mtu aliyekuwa karibu kusema, akasubiri. Palikuwa na kitu chini ya bawa, pale giza lilipokuwa zito zaidi. Hakukimulika. Alikusanya spana zake moja moja, akatembea kuelekea barabarani. Alijizuia kukimbia, akihesabu pumzi tu. Nyuma yake mabua yalivunjika... yakanyamaza aliposimama... yakavunjika tena.

Aliingia garini, akafunga, akakaa mikono juu ya usukani mpaka moyo ulipotulia.

Sasa, hapa kuna jambo ambalo binti yake alilijua na ambalo ndilo lililomfanya atandike kile chumba. Mkewe, enzi za uhai wake, hakuwahi kufunga mlango wa gari vizuri mara ya kwanza. Kwa hiyo kila wakitaka kuondoka, mumewe aliuliza, "Mwenzangu, umefunga mlango?" Mkewe alijibu, "Nimefunga," akiuvuta upya kwa siri. Miaka nenda rudi. Na tangu afe, Bwana Chanzo hajawahi kuondoa gari bila kuuliza. Huuliza, husubiri kidogo, huondoka. Binti aliwahi kukaa kiti cha nyuma akasikia. Hakucheka.

Leo hakuuliza. Aliwasha gari huku meno yameumana.

Ting... ting... ting...

Kwenye dashibodi taa nyekundu ilikuwa ikiwaka. Ilikuwa alama ya mkanda, ya kiti cha pembeni. Gari lake hulia hivyo mtu akikaa bila kujifunga. Mtu mwenye uzito.

Kiti kilikuwa kitupu. Sponji ya kiti ilikuwa imebonyea.

Angeshuka. Angeweza kushuka, nyumba ya mama mwenye gumboti ilikuwa pale pale na taa yake inaonekana. Mkono wake ulifika kwenye mlango. Halafu harufu ikamjia, hafifu, ya mafuta ya nazi aliyokuwa akipaka mkewe nywele kila jioni. Wahenga walisema upweke ni uvundo. Kwake upweke haukuwahi kuwa na harufu hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa likimmaliza, nyumba isiyonukia mtu. Alikumbuka kikombe cha pili. Alijua chanzo, kishikio, kosa, kila kitu. Hakuna mtu duniani aliyeijua hatari ile kuliko yeye.

Ting... ting...

"Mwenzangu," alisema. "Umefunga mlango?"

Akaacha nafasi.

"Nimefunga."

Ilikuwa sauti ya mkewe. Na kile kicheko kidogo cha mtu anayedanganya, mle mle. Mlango wa pembeni ukavutwa upya, taratibu, ukabana. Mkanda ukatelezea, ukaingia mahali pake, kach. Taa ikazimika.

Bwana Chanzo aliliondoa gari huku akilia kama mtoto, hajali. Aliendesha polepole. Hakuuliza tena kitu. Alijua asiulize mara ya pili, maana rubani alipoita tena aliitikiwa na mwingine. Wengi hujua mpaka ulipo na bado huuvuka, lakini yeye aliapa moyoni kwamba atabaki upande wa huku, wa swali moja tu. Kusafiri naye tu kulimtosha.

Simu ikaita. Binti. Aliibonyeza, ikasikika garini.

"Baba, uko wapi? Chakula kinapoa."

"Niko njiani, mama."

"Mbona unapumua hivyo?" Akanyamaza, kama anayesikiliza. "Baba, uko na nani?"

Mbele kulikuwa na mlima. Alikanyaga mafuta, na injini, ambayo haikuwahi kumsumbua hata siku moja, ikakohoa. Kioo cha mbele kilikuwa kikianza kuota ukungu kwa ndani, kuanzia upande wa pembeni. Hakuangalia kule.

"Baba? Nakuuliza. Uko na nani?"

Alifungua kinywa amjibu.

"Na mimi," kiti cha pembeni kikajibu, kabla yake.

Ile haikuwa sauti ya mkewe.