Tanga Limejaa, Boti Haiendi

Wewe ushawahi kuona boti ikipwelea kwenye maji ya mita nne?

Ruwayda aliiona Jumamosi moja alasiri, katikati ya ghuba ya Langebaan. Upepo umekaza, tanga limejaa kama shavu la mpiga tarumbeta, na boti imesimama tuli.

"Fungu la mchanga," alisema Igshaan, mumewe, aliyenunua kofia ya nahodha kabla hajajua kufunga fundo.

"Fungu gani?" Ruwayda alizamisha upondo wote, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Haukugusa kitu.

Kipima-kina kikalia. Sentimita tisini. Themanini. Kitu kilikuwa kinapanda.

Kisha ikaja harufu ya maganda ya chenza, yale aliyokuwa akiyajaza mifukoni Toyer, kaka yake Ruwayda, aliyezama hapahapa Aprili iliyopita. Nyuma, kwenye tezi, kukagongwa: ngo, ngo, ngo.

"Shemeji," ikaita sauti ya Toyer, yenye kicheko ndani. "Nisukume?"

Ruwayda akasoma Ayatul Kursi. Sauti ikasubiri amalize, kama mgeni mwenye adabu, kisha ikaitikia: "Amina."

"Huyo si kaka yangu," alinong'ona. "Maiti hasemi. Ni jini, kavaa sauti yake."

"Ndiyo! Jini muongo huyo, mke wangu, usimsikilize!"

"Muongo kwa lipi? Kauliza tu kama asukume." Akamgeukia. "Mbona akuulize wewe? Si ulituambia kaka aliteleza, wewe uko chini ya sitaha unachemsha chai?"

Igshaan akaishusha kofia hadi machoni.

Langebaan hata mtoto anajua: mkipwelea, mmoja hushuka kusukuma, lakini tanga hushushwa kwanza, kwa sababu boti ikichomoka na tanga juu, upepo huichukua, na aliyesukuma hubaki amesimama kwenye fungu, bahari ikimpanda taratibu, kiunoni, kifuani, kidevuni. Ruwayda alikuwa akiliwaza hilo wakati vidole kumi vya maji vilipojichora kwenye ukingo wa tezi, kimoja baada ya kingine, na tezi ikaanza kudidimia, na maji yakaingia miguuni mwao yakinuka chenza, na ile sauti, karibu sasa, karibu kabisa na sikio la Igshaan, ikauliza tena kwa upole, "Nisukume, shemeji?"

"Igshaan! Tutazama! Sema!"

Akavua kofia.

"Sikushusha tanga," alisema. "Boti ilichomoka. Nilimwona, Ruwayda. Maji kifuani, anacheka, anapunga mkono, anadhani narudi. Nikaogopa kupwelea tena. Sikugeuza."